Picha ya Mama Isiyo na Uso

Nzuguni,
Dodoma.
21 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Abbasi,

Shikamoo. Habari za Songea na baridi yake? Mgongo wako unaendeleaje, na Mama Zaituni amepata nafuu ya macho? Sisi huku tu wazima, ila upepo wa mwezi huu unatulisha vumbi, na maji ya bomba yanakuja yanapotaka.

Mdogo wangu Mwajabu amefanya maonesho yake ya kwanza ya peke yake, katika ukumbi mmoja pale mjini. Najua utaguna. Guna tu, Mjomba, lakini soma mpaka mwisho.

Amechora watu tunaowajua. Mzee Natwarlal wa duka la vitambaa yumo, miwani imepanda kwenye paji la uso, na alikuja mwenyewe akasimama kando ya picha yake akichana nywele ambazo hana. Upande wa pili kulikuwa na michoro ya kubuni: ng'ombe wa mnada wa Chemba wameota mabawa wanapaa, wachuuzi wananing'inia kwenye kamba. Watu walicheka sana. Nami nilijisikia fahari, hadi nilipofika ukuta wa mwisho.

Pale alikuwa mama. Kitenge chake cha kijani, mikono yake ikipepeta ulezi, hata lile kovu la kidole gumba. Uso hakuna. Turubai tupu.

Wasomi walijazana hapo. Mmoja alisema huo ni ubunifu wa hali ya juu, mwingine akasema huyo ni mama wa kila mtu. Mwandishi wa redio akamsogezea Mwajabu kinasa sauti aeleze maana yake. Alijibu taratibu, "Haina maana. Nimemsahau mama yangu."

Nilitoka nje nikalia, na hasira zangu zote zilikuwa kwako.

Baada ya arobaini ya mama ulishusha picha zote pale nyumbani Kondoa ukazichoma uani, pamoja na kadi yake ya kupigia kura, ukisema malaika hawaingii kwenye nyumba yenye picha. Mwajabu alikuwa hajaanza shule. Ulitaka mama apumzike, hilo naliamini. Lakini mama yetu ulimzika mara mbili, Mjomba, na mara ya pili hukumuuliza mtu.

Nimejaribu kumweleza Mwajabu, macho hivi, pua vile. Anachora, namwambia siye, anafuta, tunagombana. Siku hizi hata mimi nikifumba macho naona zile nyuso alizozifuta, simwoni mama.

Juzi alipita Mama Khalidi, jirani yetu wa zamani, akitokea Haneti. Aliitazama ile picha akashangaa tunahangaika nini. Alisema wewe na mama mlifanana mno, wageni walidhani ni mapacha, ila ndevu zimekuja kukuficha.

Najua hujawahi kukubali kupigwa picha. Sikuombi unyoe, Mwajabu anasema macho na paji la uso vinamtosha. Msalimie Mama Zaituni na wajukuu wote. Mungu akujalie afya, akulainishe na moyo.

Njoo Dodoma ukae kwenye kiti, Mwajabu akutazame. Zile nyingine ulizichoma. Iliyobaki umeivaa wewe.

Mpwa wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Hamida