Ndege wa Bendera ya Wazee

Nchelenge, Jumapili, mwezi wa saba, 1998

Upepo wa ziwani ni mkali leo, wavuvi wengi wameacha mitumbwi mchangani. Nimekaa mlangoni na shali mabegani. Vidole vinauma kwa sindano. Lakini moyo umetulia kwa namna ambayo haujapata kutulia tangu nivuke ziwa kutoka Kilwa, upande wa Kongo.

Nataka niandike wakati bado nazisikia sauti zao.

Alhamisi mzee Chola, Ba Chola kama tunavyomwita hapa kwa heshima, alikuja kwenye cherehani yangu sokoni Kashikishi. Yeye ni mwenyekiti wa chama cha askari wa zamani, wale waliopelekwa Burma wakati wa vita vya Wazungu. Wamebaki wachache, wote wazee. Kiswahili alijifunza jeshini, na akiongea nami hunyoosha mgongo kana kwamba ofisa anapita.

Mwenzao mmoja, Ba Kasongo wa Kabuta, alikuwa amefariki. Mjane wake aliomba jambo moja tu: sanduku lifunikwe kwa bendera ya chama. Na bendera yenyewe ilikwisha kuliwa na mchwa. Maziko yalikuwa Jumamosi.

Kushona si taabu. Taabu ilikuwa nembo. Beji walikuwa nazo zamani, lakini moja ilizama ziwani, nyingine zikapotea katika kuhamahama. Ba Chola na wenzake wawili walikaa kwenye benchi langu wakabishana. Wote walikubali kwamba kuna ndege amesimama juu ya kasia. Lakini anatazama wapi? Mabawa yamefunguka au yamefungwa? Nilichora kwa chaki, nikafuta, nikachora tena.

Mwishowe nilichoka, nikamwambia Ba Chola, ambaye namwita Tata, yaani baba: "Tata, nitaweka ndege yoyote muzuri. Kwa mbali hakuna mutu atajua."

Ba Chola hakukasirika. Alisema, "Mama Odile, ile ndege haiko mapambo. Tuliivaa pa kifua. Leo Kasongo hawezi kufungua kinywa aseme si yake. Ni sisi tutasema."

Basi tukapanda lori la wachuuzi wa samaki mpaka Kabuta, kwenye kilio. Mjane, ambaye wote humwita Bana Mulenga, yaani Mama Mulenga, kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake. Ba Chola alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima taratibu, akamweleza kwa Kibemba shida yetu. Mama alisikiliza hadi mwisho. Halafu akatia mkono kifuani, akafungua pini iliyoshika kitenge chake.

Ilikuwa beji.

"Alinipatia siku Mulenga alizaliwa, nifungie kitenge," alisema. "Sijui kama ndege bado anaonekana."

Ilikuwa imesuguliwa kwa majivu miaka mingi hata ikawa laini kama kijiwe cha ziwani. Nikaweka karatasi juu yake, nikapitisha penseli polepole. Wazee waliinama mpaka nikasikia pumzi zao shingoni. Kwanza likatokea kasia. Halafu bawa moja, limefunguka nusu. Halafu kichwa.

Anatazama nyuma.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesema hivyo! Ba Chola alijipiga paja. "Sasa nakumbuka! Anaangalia bale banabakia nyuma." Akacheka, wenzake wakacheka, na Bana Mulenga naye akacheka huku machozi yakimtoka.

Ijumaa yote nilishona. Nilitamani kuongeza ukingo wa uzi wa dhahabu, nimpendezeshe marehemu. Ba Chola akakataa: hatuongezi, hatupunguzi. Tena bendera haiingii kaburini. Inaondolewa, inakunjwa, inamsubiri mwingine. Hata ile karatasi ya penseli aliichukua, nembo isije ikaishia kwenye kofia za kuuza sokoni.

Jana tulimzika Ba Kasongo. Wazee wanne waliinua bendera kwa pembe zake, wala haikugusa udongo.

Watu walipotawanyika, nilifanya jambo ambalo sikulipanga. Nilimwambia Ba Chola kwamba mume wangu naye alikuwa askari kule ng'ambo, wa serikali iliyoanguka mwaka jana. Vita vilipofika, hakurudi nyumbani. Baadaye mchuuzi mmoja aliniletea habari kwamba alifia njiani. Kaburi hakuna. Hapa sijawahi kumtaja. Watu walioporwa na askari wale ndio majirani zangu hapa, waliovuka kama mimi, na siwalaumu kwa kuwachukia.

Nikamwomba: naweza kujishonea ndege mdogo, nimwekee mume wangu ukutani?

"Hapana, mama," alisema. "Hii ni ya bale tulikuwa nabo. Nikikupatia, nitakuwa nakudanganya. Na yeye pia nitamudanganya."

Iliniuma. Nikageuka niende zangu.

"Ngoja. Jina yake nani? Alikuwa na cheo gani?"

"Sajini," nikasema. "Sajini Ilunga."

Akawaita wenzake kwa sauti ya amri. Wakajipanga mstari pale pale penye upepo, wakavua kofia. Ba Chola akalitamka jina la mume wangu, pamoja na cheo chake, kwa sauti ya kufika majini. Wakakaa kimya, muda mrefu. Hakuna aliyeuliza alipigania upande gani.

Nililia kama ambavyo sikulia siku ile nilipopewa habari.

Leo nashukuru kwa yote, hata kwa kunyimwa yule ndege. Wangenipa, ningekuwa nimetundika kitambaa cha watu wengine na kuendelea kunyamaza. Sasa Ilunga ametajwa mbele ya watu, na ardhi haikupasuka.

Kesho, kabla ya kufungua cherehani, nitapita kwa katekista nimwombe alisome jina la Ilunga kanisani pamoja na majina ya marehemu wengine, Jumapili ijayo. Majirani watasikia. Acha wasikie. Siku hiyo nitakaa benchi la mbele.