Taka za Mlangoni kwa Bi Kaltuma

“Taka hizi ni zenu, Mama Mahira, msinitie wazimu!”

Baba Mahira, wewe ungali unakoroma, jirani yetu Bi Kaltuma alinibwagia gunia mlangoni. Amelikuta kwake, kila kitu kimechanganywa, na wenye mkokoteni wa taka wamekataa kulichukua. Nami kwa jeuri nikamjibu, “Kwangu twatenga, shoga! Lipekue mbele ya watu!”

Akalipekua. Maganda ya mihogo, chupa za plastiki, na vikasha vitatu vya halua! Chini yake, bahasha ya dawa zako za sukari, jina lako, Stambuli, limeandikwa. Mtaa mzima ukaangua kicheko: “Kumbe Stambuli anatibiwa kwa halua!” Mume wangu, umeficha uchafu kwa watu ili mimi nisiuone?

Mkokoteni husimama kwake tu, uchochoroni kwetu haupiti. Bi Kaltuma akitukatalia kuziweka kwake, taka zote tutalala nazo humu ndani.

Mahira, maganda ya jikoni yatie kwenye ndoo, ya mbuzi wa jirani yetu Nyevu. Chupa zioshe kabla ya kuzitia guniani. Lile gunia la mlangoni atalitenga baba yako kwa mikono yake. ~~Asipewe chai.~~ Mpe chai, bila sukari.

Nimekwenda sokoni kutafuta samaki. Adhuhuri nimemwalika Bi Kaltuma. Baba Mahira, umpokee wewe, useme maneno haya haya: “Bi Kaltuma, zile taka zilikuwa zangu, niwie radhi. Karibu ndani tule.”

Mkeo, na mama yake Mahira