Mnunuzi wa Rav4 na chai yangu

Kandida, uko? Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Mnunuzi wa gari letu, ile Rav4, amekuja leo kutoka Usa River. Unajua tulitaka tuuze ndiyo tuezeke nyumba ya Sombetini kabla ya mvua. Baba Nancy ameiosha tangu asubuhi.

Nikamkaribisha chai, maana huwezi kuongelea bei na mtu hajanywa kitu. Baba Nancy akaingia chumbani kutafuta kadi ya gari.

Mgeni akaniuliza kwa upole, "Shemeji, gari nzuri hivi, mbona mnaiuza?"

Na mimi nikamjibu. Nikamweleza yote wanayobishania kina Baba Nancy kwenye grupu lao la WhatsApp la wenye Rav4, kwamba toleo jipya likianza kuingia mwakani hizi zetu zitashuka bei, ndiyo maana tunawahi.

Tunawahi, Kandida. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akaweka kikombe chini. "Basi shemeji, na mimi nitasubiri mwakani."

Baba Nancy anatoka na kadi mkononi, anamkuta mtu anavaa viatu.

Hajanigombeza. Bora angenigombeza.

Sasa yuko nje anaiosha tena, na hakuna anayekuja. Nimesimama mlangoni na kitambaa, Nancy mgongoni, sijui nitoke nikamsaidie.