Desa Langu Bado Lipo Majengo

Jumanne. Mvua haijakata tangu asubuhi, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya jirani, na mimi moyo haujatulia.

Leo nimemdanganya mtoto wa watu.

Anaitwa Editha. Kwao ni Mwimbi, ila anakaa hapa Sumbawanga kwa shangazi yake, anasoma kidato cha sita. Mtihani umebakiza wiki tatu, na anataka kwenda chuo kusomea udaktari. Alisikia kuwa mtaani kuna mwalimu mstaafu wa kemia, akaja.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna ukurasa hapa umenishinda, naomba unielekeze." Akatoa bunda la karatasi kwenye mfuko wa nailoni.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nieleze kidogo. Miaka ile darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja, na kilikaa mezani kwangu. Likizo moja nikaandika muhtasari kwa mkono, sura kwa sura, ili wanafunzi wanakili. Mmoja akaupeleka kutoa fotokopi, na tangu hapo imekuwa nakala ya nakala. Karatasi za namna hiyo wanafunzi huziita desa. Nimestaafu, mtaala umebadilika, desa halikubadilika. Sikujua hata kama bado liko hai.

Editha amelikariri lote. Nikianza sentensi yeye anaimalizia, pamoja na namba niliyoikosea ukurasa wa tisa.

Kemia ya udongo haimo kabisa. Wakati wangu hatukuifundisha. Kwenye mtaala wake ipo. Nikajaribu kumwanzishia. Nikamuuliza kwa nini mama yake hufukia nyasi kwenye matuta.

"Si zinaoza, udongo unapata nguvu," akasema, akacheka. "Lakini mwalimu, hayo ni ya shamba. Kwenye mtihani yanaandikwaje?"

Sijui yanaandikwaje. Najua swali lilivyoulizwa zamani, na mtahini wa zamani alitaka nini.

Akakusanya karatasi zake. "Ila nikilimaliza hili nitakuwa tayari, eti mwalimu?"

Nikasema, utakuwa tayari.

Alipoondoka nikachukua mwavuli, nikaenda Majengo kwenye duka la vitabu. Zamani kitabu kilikuwa kimoja nchi nzima. Kikikosea, tunakosea wote. Siku hizi kila mchapishaji ana chake. Nilikuta viwili. Mada ya udongo kimoja kimeipa kurasa nne, kingine zaidi ya thelathini. Kipi kinamfikisha mtu chuo? Nimefundisha maisha yangu yote, nikasimama pale navipima mkononi kama mtu anayechagua viazi.

Pembeni, limerundikwa desa langu. Nikamwomba mama mwenye duka aliondoe, nikamweleza kwamba limepitwa na wakati.

"Mzee wangu, hili ndilo linalotoka kuliko vitabu vyote. Fupi, halina maneno mengi. Nikiliondoa mimi, jirani analo. Hata kule mjini Chala wanalo."

Sikumwambia ni la nani. Niliona haya. Na nikiri hapa, kwa kuwa hakuna anayenitazama: kusikia kwamba linapendwa kulinifurahisha kidogo.

Nimenunua kile kitabu kinene. Tangu nirudi nimesoma kurasa sita, na mbili kati ya hizo sijazielewa. Wiki tatu hazitoshi kwangu mimi, sembuse kwake, na masomo mengine yanamsubiri. Nikimwambia ukweli, namvunja moyo mtihani ukiwa mlangoni. Nikinyamaza, ataingia chumba cha mtihani anajiamini, afungue karatasi, akutane na mambo ambayo mimi sikumwandikia.

Nimwambie nini?

Kesho saa tatu atakuja. Mvua ikinyesha atalowa yeye, lakini zile karatasi atakuwa amezifunga vizuri kwenye nailoni, zisipate hata tone.