Racheti ya Msumari wa Tisa

Jumanne, 2 Julai

Nimepaka oili racheti zote kumi na nne. Ndiyo kazi yangu ya kila Jumanne tangu nilipoacha ufundi wa magari. Naitoa racheti kwenye msumari, nafuta vumbi, tone moja kwenye meno, nazungusha, nasikiliza, narudisha. Naenda kwa inayofuata. Mke wangu Hadija anasema ningemfuta yeye hivyo angekuwa bado mwali. Nilikuwa msumari wa tisa na pale sitaki kelele.

Msumari wa tisa ni wa racheti ya Njinjo. Ya kutobolea vyuma kwa mkono, ndefu toka kiganja hadi kiwiko, ya enzi za mashamba ya mkonge. Niliipata kwa bibi mmoja huko Njinjo, alikuwa anakomelea nayo banda la mbuzi. Nikampa komeo jipya na sufuria, akaniona mwendawazimu. Meno yote mazima. Kasoro moja tu: ule ulimi mdogo wa ndani, unaozuia meno yasirudi nyuma, haupo. Kwa hiyo inazunguka huku na huku, haikamati. Hata hivyo hakuna mwingine mwenye kama hiyo, toka hapa Nangurukuru mpaka Lindi mjini. Nimeuliza.

Nalinga kaja saa nne. Ni seremala wa Mitole, naye anakusanya zana za kale, ila yeye zaidi randa na keekee. Yeye Mmakonde, mimi Mmwera, kwa hiyo ni watani, na haingii kwangu bila kunitukana kwanza. Leo kasema nina sura ya gari lililokufa breki. Kanywa chai yangu. Kisha kakaa mbele ya msumari wa tisa muda mrefu. Mrefu mno.

Jumatano, 3 Julai

Nimekumbuka kitu. Jana Nalinga alichomeka njiti katikati ya meno ya racheti, akaivunja, akaiweka mfuko wa shati. Alikuwa anapima. Anapimia nini? Mtu hapimi kitu asichokitaka.

Pia aliuliza kama bado naswali Ijumaa msikiti wa barabarani au nimehamia ule mpya. Mkristo ana shida gani na msikiti wangu?

Alhamisi, 4 Julai

Hadija kaenda shamba kuvuna ufuta, atalala huko kwa dada yake hadi keshokutwa. Nimebaki na zana. Nimehesabu. Kumi na nne.

Ijumaa, 5 Julai

Imechukuliwa.

Nilikwenda kuswali, nikarudi, msumari wa tisa mtupu. Kufuli limefungwa vilevile. Ufunguo wa akiba huwa chini ya pipa la maji, na upo, lakini umelazwa upande mwingine. Wanaojua habari za pipa ni watatu. Mimi, Hadija na Nalinga.

Nimeandika hivi ili nisipige ukuta.

Jumamosi, 6 Julai

Nimetafuta hata sehemu za kipuuzi. Chini ya kitanda, ndani ya gunia la mahindi, bandani kwa kuku. Nimemtazama vibaya mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni wake, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia afungue gunia. Kafungua. Masufuria na sahani ya gari. Kaondoka ananung'unika.

Mama Zuhura anayeuza chapati stendi kaniambia bila kuulizwa sana. Jana saa saba alimwona Nalinga na kiroba, kitu kizito ndani, akapanda pikipiki ya mwanamume mwenye ndevu. Hakuangalia wameelekea wapi, chapati zilikuwa zinaungua.

Mwenye ndevu! Mwezi jana alipita hapa mtu wa Dar na simu kubwa, anapiga picha vitu vya zamani, anauliza nani anauza. Naye alikuwa na ndevu. Na nani alimleta kwangu? Nalinga.

Hadija amerudi. Nimemweleza yote, kacheka. Anasema mtani wako kachukua, mfuate, mtukane, mpe jogoo, yaishe. Ni kweli ndivyo ilivyo kwetu. Mtani akibeba kitu chako si mwizi. Unamkimbilia kwa makelele, unakikomboa kwa kuku, watu wanacheka mpaka wanakaa chini, na huyo kuku mnamla pamoja. Nalijua hilo. Lakini mtani anabeba mbele ya macho yako! Ndiyo utani wenyewe, umwone. Huyu kasubiri niko kwenye sijda. Nikamwambia Hadija hivyo. Akasema, "Wewe bwana, una roho ngumu," akaenda kupepeta ufuta.

Jumapili, 7 Julai

Simu ya Nalinga haipatikani. Nimepiga mara saba. Nimekwenda Mitole kwa baiskeli, mkewe kasema amesafiri, hajui atarudi lini, na wakati anasema hivyo anatabasamu. Anatabasamia nini? Wamepanga wote wawili.

Nimenunua kufuli jipya. Njiani nikawaza kwamba mwenye duka naye anaweza kuwa na ufunguo wa pili. Nimerudi nikanunua jingine duka la pili. Sasa mlango una makufuli mawili na mimi sina amani hata robo.

Jumatatu, 8 Julai

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nimemwambia nataka kushtaki wizi. Alipolisikia jina la Nalinga akaweka kalamu chini.

"Si mtani wako huyu?"

Nikamwambia utani una mipaka. Akauliza mara ya pili, polepole, kama nina hakika, maana yeye akishaandika ameandika. Nikasema ninayo. Akanipa karatasi niandike mwenyewe. Nimeandika ukurasa mzima na robo. Nimeandika neno mwizi mara nne. Niliona raha, sitadanganya. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nimekula nikashiba.

Sijamwambia Hadija.

Jumanne, 9 Julai

Nimepaka oili kumi na tatu.

Nalinga amerudi Mitole. Mjumbe kampelekea wito. Mjumbe anasema aliusoma akacheka sana, akasema mwambieni anikaangie jogoo.

Cheka tu. Kesho tutaonana.

Jumatano, 10 Julai

Ninaandika yote, nisije baadaye nikajidanganya.

Ofisi ya kijiji, saa tatu. Walikuwepo mwenyekiti, wazee wawili wa baraza, mimi, na watu kama kumi dirishani, maana habari ilishaenea. Nalinga kaingia na kiroba begani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, anacheka. Hajasalimia mtu.

"Jogoo wangu yuko wapi? Mimi siongei bila jogoo! Huyu Mmwera anatamia vyuma, anasubiri vianguliwe!"

Dirishani wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa baraza akafuta machozi. Nalinga akazidi, akasema jogoo awe mwekundu, asiwe yule wangu mwenye kideri. Alikuwa anafurahi kama mtoto siku ya Idi. Hapo ndipo nilipoelewa. Alidhani wito ni sehemu ya utani. Alidhani nimeenda kwa mwenyekiti ili kunogesha, ili niikomboe racheti mbele ya kijiji kizima.

Ningeweza kusimama wakati ule. Ningesema jogoo humpati, Mmakonde wewe, kula kiatu changu. Ingeishia hapo. Sikusimama.

Mwenyekiti hakucheka. Akachukua karatasi yangu akaisoma. Mistari ya mwanzo Nalinga alikuwa bado anacheka, anawakonyeza watu, akidhani nimeitunga kuchekesha. Likapita neno mwizi la kwanza. Likapita la pili. Akanigeukia, akaniangalia, anasubiri mimi nicheke. Nikaangalia ukuta.

La nne lilisomwa kwenye kimya.

Akafungua kiroba. Akatoa racheti yangu akaiweka juu ya meza, taratibu, akaigeuza mara moja. Ikalia. Ikakamata. Ina ulimi. Mpya, umechongwa kwa chuma cha springi ya gari, umekaa kama ulizaliwa humo.

Kwa hiyo ile njiti ilikuwa kipimo cha ulimi. Mwenye ndevu si wa Dar, ni wa bodaboda, mdogo wake mhunzi wa Njinjo. Nalinga alilala kwa mhunzi siku nne, wakichonga, wakikosea, wakichonga upya. Huko hakuna umeme wa kuchaji simu. Alitaka kuirudisha msumarini kimyakimya kabla ya Jumanne, ili niwe napaka oili, niizungushe, niisikie. Kazi ikachelewa, akakuta wito, akaona hii ni bora zaidi. Yote haya aliyasema kwa mwenyekiti. Mimi hakuniangalia tena.

Kisha akasema, "Mwenyekiti, andika mali imerudi. Nisaini wapi?"

Mwenyekiti akasema hakuna haja. Nalinga akasema ipo, imeandikwa wizi, iandikwe imerudi. Akasaini. Herufi kubwakubwa, kama anavyoandika majina kwenye majeneza anayotengeneza. Akakunja kiroba chake akatoka. Watu dirishani walimpisha njia, hakuna aliyecheka, na mimi nikabaki na racheti mezani kama mtu aliyesahau alichofuata.

Nimemwambia Hadija sasa. Kaniwekea chakula akaenda kukaa kwa jirani.

Alhamisi, 11 Julai

Iko kwenye msumari wa tisa. Sijaigusa.

Jumamosi, 13 Julai

Leo Nalinga hakuja. Jana pia. Nilisikia kengele ya baiskeli nikatoka mbio, kumbe muuza samaki.

Nawaza siku ya kumzika mama. Nalinga alikaa juu ya udongo wa kaburi, akashika jembe, akakataa mama asifukiwe mpaka alipwe. Akasema yule bibi alimpikia uji usio na sukari na ameondoka na deni hilo. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilicheka, siku ya kumzika mama yangu, na ndiyo sababu niliweza kurudi nyumbani kwa miguu yangu. Nilimpa jogoo siku ile. Sikuona taabu.

Huyo ndiye niliyemwandikia mwizi mara nne. Naona aibu mpaka shingoni.

Mwenyekiti nilimwomba anirudishie karatasi niichane. Kasema imeshawekwa kwenye faili.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda Mitole. Hadija kaniambia nibebe jogoo na niombe radhi. Nikaona la. Radhi ni ya watu baki. Mtani anarudishwa kwa utani.

Nalinga alikuwa barazani anapiga randa mbao ya mlango. Sikusalimia. Nikapita moja kwa moja hadi kwenye rafu yake, nikachukua ile randa ndefu ya zamani anayoipenda kuliko zote, nikaiweka kwapani mbele ya macho yake. Nikapaza sauti hadi majirani wakatoka. Nikasema randa hii naenda kuchochea nayo moto, mbao zake zote zimepinda kama miguu yake, akitaka anifuate na jogoo wawili. Sauti yangu ilipasuka katikati lakini nilimaliza.

Mkewe alikuwa anachambua mboga. Akainua uso, akamtazama mumewe, kama anamwomba.

Nalinga aliniangalia kidogo. Kisha akaendelea na mbao yake.

Nimeondoka polepole sana na baiskeli. Nilikuwa nageuka nyuma kila nilipofika kwenye mwembe au kona.

Ijumaa, 19 Julai

Siku ya nne. Hajaja mtu. Makufuli yote mawili nimeyatoa, mlango uko wazi mchana kutwa. Jogoo mwekundu nimemnunua, yupo, nimemfunga mguu mlangoni ili aonekane toka barabarani.

Nilianza kushuku kwamba mkewe amemkataza. Kisha nikashuku padri wake. Hadija akaniambia, "Acha. Acha kabisa."

Nimeacha. Mtu wa kushukiwa namjua.

Jumapili, 21 Julai

Nimemrudishia randa. Niliisafisha kwanza, nikanoa chuma chake.

Nilimkuta ametoka kanisani, shati jeupe. Aliponiona akasimama, akaenda ndani, akaleta kiti kizuri, kile cha wageni. Mwenyewe akabaki wima. Akauliza hali ya Hadija. Akauliza ufuta umeendaje mwaka huu, na ule mguu wangu mbovu unaendeleaje. Nikajibu yote. Nikamwambia Nalinga, nimekosa, nisamehe. Akasema binadamu tunakoseana, yamekwisha, yeye hana neno.

Nikampa randa. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, bwana," akasema. "Mungu akubariki."

Miaka ishirini na sita tunajuana, hii ndiyo mara ya kwanza ananishukuru. Nikasema haya, amina. Nikapanda baiskeli nikarudi nyumbani.