Nani Aliyenizuia Kigoma?

Mwanza, 14 Juni

Kwa kaka yangu Ildefonsi, Murungu.

Mwidiwe, kaka. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Ininahazwe na watoto, na kwamba baridi hii haiutesi sana mguu wa mama. Mimi ni mzima, nimerudi kurusha ndege, ila moyo haujatulia.

Pasaka niliwaeleza kuwa kampuni inatutaka marubani tuchague kituo, yaani mji wa kuishi na kuanzia safari zetu, na kwamba Kigoma ilikuwa na nafasi moja tu. Mama alipiga vigelegele. Nikasema nikiipata nitajenga kwenye shamba la baba, kule mtoni, niwe karibu naye. Wewe ukatoka kwenda kutazama mihogo.

Wiki tatu baadaye meneja aliniita. Ilikuwa imefika barua isiyo na jina la mwandishi: eti mimi si Mtanzania, nilizaliwa Burundi nikavushwa mpaka wa Manyovu mgongoni mwa mama, na vyeti vyangu ni vya kughushi. Nikasimamishwa kuruka mwezi mzima.

Nilimshuku Mansuri, rubani mwenzangu, yule mtoto wa mwenye duka la vitenge Kasulu, maana naye aliitaka Kigoma. Nikamnyima salamu. Kila aliposogea pembeni na simu, nilijua ananisema mimi. Mwisho nikamwambia meneja waziwazi kuwa ni yeye, naye akaondolewa kwenye orodha ya walioomba Kigoma.

Uchunguzi ukaonyesha nilizaliwa Nyabibuye, upande huu wa mpaka, kama kadi ya kliniki inavyosema, na uraia wetu ni halali. Ndipo meneja akanipa ile barua niisome. Kaka, mle ndani nimeitwa Butoyi, jina langu la pacha. Tangu pacha wangu Bukuru afariki tukiwa wachanga, mama alikataza jina hilo lisitamkwe nyumbani. Tunaolijua tumebaki watatu, na mama hajui kuandika.

Meneja akaniuliza, "Mwandiko huu unaufahamu?"

Nikajibu siufahamu. Nilidanganya, kaka.

Nilimfuata Mansuri nikamwomba radhi. Akasema, "Dada, si ungeniuliza tu?" Nikamsafisha kwa meneja, nikaondoa ombi langu. Kigoma amepewa yeye. Mimi nimechagua Mwanza.

Shamba sikutaka kukunyang'anya. Nilitaka vyumba viwili na kibaraza cha mama kuotea jua. Huenda nakukosea kama nilivyomkosea Mansuri, ndiyo maana safari hii nauliza kwanza: ni wewe?

Usinijibu kwa simu. Nitashuka Kibondo Jumamosi, tarehe 28. Uje stendi mwenyewe, usimtume mtu, nikusikie nikikutazama usoni. Mama mwambie kazi imenipeleka Mwanza, basi.

Wifi na watoto wape salamu zangu, na wote wanaoniulizia hapo Murungu. Mungu awatunze hadi tuonane.

Mdogo wako,
Ndayikunda