Ujumbe Mwekundu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na dada akikutunza vizuri. Mimi mwili mzima. Usingizi tu ndio umenikimbia tangu tumzike kitindamimba wako. Chai ikiletwa ofisini bado namwona akiipuliza, hata iliyokwisha kupoa.

Hukuwahi kuniuliza kazi yangu jeshini, nasi haturuhusiwi kusema. Ninalinda ujumbe. Kila kambi ina ufunguo wa siri, mfululizo mrefu wa tarakimu unaotiwa kwenye ujumbe wake. Kila Jumatatu ufunguo hubadilishwa, na ofisa huupeleka kwa mkono. Ujumbe ukija na ufunguo wa zamani, kompyuta huutia rangi nyekundu, nasi huuzuia mpaka kambi ijibu kwa redio.

Mwezi mmoja kabla ya msiba nilipitisha ujumbe wa adui uliojifanya wa mkuu wetu. Nilionywa kwa maandishi. Wenzangu wakanibatiza Mlango Wazi. Kila asubuhi waliniuliza kama leo nimekumbuka kufunga. Nilicheka nao, lakini moyoni niliapa sirudii.

Kisha mvua zikakata barabara, na ufunguo mpya haukufika kambini kwa mdogo wangu. Wakashambuliwa. Wakubwa walipokuja nyumbani walikuambia hakuna ujumbe uliopokewa kutoka kule, maana wao huona uliopita tu. Nilikuwa nimekaa karibu yako, nikitazama sakafu.

Mama, ujumbe ulikuja. Ulinifikia mimi, saa nne asubuhi, mwekundu. Waliomba helikopta ya majeruhi. Nikapiga redio, kimya. Sheria ilitaka nisubiri. Lakini mwishoni mwa ujumbe, kinyume cha taratibu, mwandishi aliuliza kama goti lako limepata nafuu. Adui gani analijua goti lako? Nilijua ni yeye. Mkuu angeweza kuuruhusu upite, na mlango wake ulikuwa hatua kumi na mbili tu. Niliogopa kuchekwa tena, nikauzuia. Daktari anasema alivumilia mpaka jioni.

Hakuna anayenilaumu. Ujumbe bado umo kwenye kompyuta yangu, na kila nikiiwasha inaniuliza: upite au ufutwe?

Kesho nitampelekea mkuu ujumbe huo. Sikutaka ulisikie hili kwa mdomo wa mtu mwingine. Ukinikana, nitaelewa. Ukinijibu, hata kwa neno la hasira tupu, nitalipokea kwa mikono miwili.

Nisalimie dada na wanawe wote, na majirani waliotubebea jeneza.

Ni mimi mwanao, ninayeona haya kukuita Mama, na sina jina jingine la kukuita.